Mdaa uwani: panda mmoja, ukose matunda

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na mdaa mmoja katika ua wetu hapa Kikwajuni, si mbali na zile nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Ulichanua vizuri lakini haukuzaa hata tunda moja. Kosa lilikuwa la hesabu.

Mdaa ni kichaka cha asili ya mwambao wetu. Majani yake magumu hubaki ya kijani mwaka mzima, na huvumilia ardhi ya mawe na upepo wa chumvi. Wasukaji wa mikeka wanaujua kwa mizizi yake, ambayo huchemshwa pamoja na ukindu ili kuupa rangi nyeusi. Vijiti vyake ni miswaki.

Wengi hawajui kwamba mdaa, kama mpapai, una dume na jike. Jike ndiye anayezaa, naye anahitaji dume jirani. Matunda yake madogo huwa mekundu, kisha meusi, na shore na ndege wengine huyafuata.

Je, kuna faida? Tuseme kweli: mdaa hukua polepole. Mwenye kutegemea kuuza mizizi atangoja sana, na kuing'oa yote ni kula mtaji badala ya faida. Ndiyo hasara ya kuchimba ovyo porini. Faida ya uwani ni kivuli, ndege, na mbegu za kuotesha miche ya kuuza.

Jinsia haijulikani mpaka mti uchanue. Tukichukulia kuwa dume na jike wana nafasi sawa, miche 2 inakupa asilimia 50 tu ya kupata wote wawili. Miche 5 inakupa zaidi ya asilimia 90.

Chukua matunda yaliyoiva, ondoa nyama, na uzipande mbegu zikiwa mbichi katika vifuko vya kitaluni. Hamisha miche masika yanapoanza.

Na mwenye ua mdogo kama wangu? Azungumze na majirani. Nyumba tano, kila moja mche mmoja, nyuki watafanya kazi iliyobaki. Mimi nimeshagonga milango minne.