UMEME WA NYUKLIA: USALAMA HUTEGEMEA UKWELI



Kinu cha nyuklia hupata joto kwa kupasua viini vya atomu za urani. Joto hilo huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mitambo ya umeme. Fimbo maalumu zikiteremshwa ndani ya kinu, nguvu hupungua.

Usiku wa tarehe 26 Aprili, 1986, huko Chernobyl, Ukraine, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti, wafanyakazi walikuwa wakifanya jaribio huku baadhi ya vifaa vya usalama vimezimwa. Walipoteremsha fimbo ili kukizima kinu namba 4, ncha zake za grafiti ziliongeza nguvu kwanza, na kinu kikalipuka. Dosari hiyo ilikuwa imeonekana tangu 1983 katika kinu cha Ignalina, Lithuania; lakini haikurekebishwa kwa wakati, wala haikuingizwa katika maelekezo ya kazi.

Basi usalama hautokani na chuma na zege tu, bali pia na kuwaambia ukweli wanaoshika kazi. Nasi tukiona dosari katika mizani au daftari, tuitangaze mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.