Telefone Inasoma Paketi: Je, Tuiamini?



Kama unakaa Beni ao Butembo, unajua njia ya Kasindi. Malori yanavuka mupaka na kuleta biskwiti, juisi, samaki ya kopo na maziwa ya unga. Kutoka maduka ya muji, vitu hivi vinapakiwa juu ya pikipiki hadi machimbo ya zahabu upande wa Mangurejipa. Tena, tangu mauaji ya mwaka 2014 katika eneo la Beni, jamaa nyingi ziliacha mashamba yao, na sasa wananunua hata kile walichokuwa wanalima. Chakula cha paketi kimeingia nyumbani mwetu. Lakini ni nani anasoma kile kimeandikwa juu yake?

Vijana wanajibu: telefone inasoma. Basi tuangalie jambo hili bila haraka.

Programu hizi zinafanya nini?

Tutaje mbili tu. Open Food Facts ilianzishwa Ufaransa mwaka 2012 na Stéphane Gigandet. Ni kama daftari kubwa ya bure, na mutu wa inchi yoyote anaweza kuandika ndani yake. Yuka ilitoka Ufaransa vilevile, mwaka 2017. Unaelekeza kamera kwenye ile mistari myeusi ya paketi, na telefone inatafuta namba yake katika daftari. Yuka inatoa alama juu ya 100: 60 ni za chakula chenyewe (sukari, chumvi, mafuta na vingine), 30 ni za viongezo, yaani vitu ambavyo kiwanda kinaongeza kwa rangi, ladha ao kuzuia kuoza, na 10 ni za kilimo kisichotumia dawa za kiwanda.

Lakini fahamu hili: telefone haionji wala hainusi. Inasoma tu kile watu waliandika. Kama biskwiti ya bandia imevaa karatasi ya biskwiti ya kweli, telefone itaisifu tu. Na kama hakuna mutu aliyeandika kitu chako katika daftari, itasema haikijui. Kutojulikana si kusema kwamba ni kibaya.

Ukiona E, usikimbie

Viongezo vinaandikwa kwa namba. Paketi nyingine zinaandika E, nyingine INS, lakini namba ni ileile katika luga zote. Hii ni faida kubwa kwa mama asiyejua Kiingereza. Namba za 100 ni rangi. Za 200 zinazuia kuoza. Za 300 nyingi zinazuia mafuta kuharibika. Za 400 nyingi zinafanya chakula kiwe kizito.

Si zote ni sumu. E300 ni vitamini C. E330 ni ile asidi iliyo ndani ya ndimu. Lakini E102 na E110, rangi za bomboni na juisi, ni za kuangalia: tangu 2010 Ulaya inalazimisha kuandika juu ya paketi kwamba zinaweza kusumbua utulivu wa watoto. E171, rangi nyeupe, ilikatazwa Ulaya katika vyakula mwaka 2022.

Tena, wakati mwingine hatari haina E. Soma kile kyube ya mboga imebeba. Watu wanaogopa E621, lakini mara nyingi chumvi ndiyo imeandikwa ya kwanza, na kinachoandikwa kwanza ndicho kingi kuliko vingine. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mutu mukubwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku.

Tusipande hofu

Ndugu, sisi watu wa Beni na Butembo tunajua bei ya uvumi. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, na ilipokwisha Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa. Wengine walichelewa kwenda kwa waganga kwa sababu ya maneno yaliyopita mudomo kwa mudomo. Basi kijana akiona alama nyekundu, asitume sauti katika makundi yote kusema "duka la fulani linauza sumu." Alama mbaya inasema: usile kila siku. Haisemi: utakufa leo. Na kuchafua jina la mwenye duka ni ushuhuda wa uongo.

Kile telefone haioni

Mukate wa asubuhi hauna mistari myeusi. Mafuta ya mawese ndani ya chupa ya zamani, hayana. Karanga na mahindi ya soko, hayana. Na hapo pia kuna hatari: mwaka 2004 huko Kenya, mahindi yaliyoshika ukungu yaliua watu 125. Hayakuwa na kiongezo hata kimoja. Kwa hiyo macho na pua ulizopewa na Mungu bado zina kazi.

Basi tufanye nini?

1. Kwanza soma tarehe ya mwisho. Hii haiombi mega za intaneti.
2. Kataa kopo lililovimba, hata kama bei ni ya chini.
3. Vijana wenye telefone, wasomeeni wamama wa kanisa. Pigeni picha za paketi za hapa na kuziingiza katika Open Food Facts, kusudi mwingine asaidiwe.
4. Muchimbaji kijana, kinywaji cha nguvu si chakula. Usimupe mutoto wala mama mwenye mimba.
5. Ukiwa na shaka ya kweli juu ya bidhaa, peleka paketi kwa OCC, ofisi iliyowekwa tangu 1974 kwa kupima bidhaa, ao kwa muganga.
6. Maharagi, lengalenga, sombe na viazi vya Lubero havihitaji kamera. Vikipatikana, vianze hivyo.

Soma Danieli 1:8-16. Danieli hakumeza kila kitu cha meza ya mufalme, wala hakupiga kelele. Aliomba kwa heshima, akajaribu siku 10, na matunda yakaonekana. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Ya kuzungumuza katika jamaa: Wiki hii tulinunua paketi gani? Ni nani alisoma? Ni neno gani juu ya chakula tulilipitisha kwa wengine bila kulihakikisha?