Kabla hujafungua boliti, fungua kijitabu

Kijitabu cha waranti cha pikipiki hakina msomaji. Kinatoka dukani ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na ufunguo wa akiba, kinafichwa kabatini kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na siku kinapotafutwa injini imeshanoki. Ndipo mwenye chombo anapokutana kwa mara ya kwanza na sharti la “miezi 12 au kilomita 12,000, kitakachotangulia”. Siku ya kununua aliambiwa mwaka mmoja. Muuzaji hakudanganya, alisema nusu tu.

Tupige hesabu kwa mfano huo, maana kila kampuni ina viwango vyake na vingine ni virefu zaidi. Karani anayetoka Tabata kwenda Posta na kurudi hazidi sana kilomita 25 kwa siku. Akiendesha siku sita kwa wiki, mwaka unaisha akiwa hajafikisha hata 8,000. Kwake mwaka ni mwaka kweli. Bodaboda anayekula kilomita 120 kwa siku, na hizo si nyingi kwa kijana wa Mbagala anayeamka alfajiri, anazimaliza 12,000 ndani ya siku 100. Akinunua Mwaka Mpya, masika inapokolea mwezi Aprili pikipiki yake haina waranti tena, ingawa tarehe iliyopigwa mhuri bado iko mbali.

Naanza na hesabu kwa sababu ubishi wa vijiweni kuhusu nani ahudumie pikipiki mpya, wakala au mwenyewe, huendeshwa kana kwamba pikipiki zote zinaishi maisha mamoja. Kuna wanaosema wakala ni ghali, anachelewesha, na fundi wake ni kijana aliyemaliza VETA juzi. Kuna wanaoapa kwamba ukigusa boliti moja tu, waranti imekufa. Kila kundi lina chembe ya ukweli. Mimi nasimama hapa: kazi ya kila siku ni ya mwendeshaji tangu siku ya kwanza, waranti iwepo isiwepo. Kufungua injini mwachie wakala mpaka waranti iishe. Na kile kilicho katikati, yaani kumwaga oili, kubadili plagi na kusafisha filta, kinategemea kijitabu kinasema nini na una karatasi gani mkononi.

Waranti yenyewe ni ahadi juu ya makosa ya kiwandani: sili inayovuja bila sababu, gia inayoruka, beringi iliyokuja na kasoro. Vinavyolika kwa matumizi kwa kawaida havimo. Plagi, tairi, tyubu, brekishuu, sahani za klachi, cheni na sproketi zake, balbu, kebo. Ukivitazama, ndivyo hivyo vinavyomtoa bodaboda pesa mfukoni kila mwezi. Hata zile kuponi za “huduma ya bure” zinazokuja na pikipiki nyingi zinasamehe gharama ya ufundi tu. Oili unanunua. Na kila kuponi ina mpaka wake wa kilomita. Ukiupita, kuponi ni karatasi.

Huduma ambayo nisingemshauri mtu aikwepe ni ile ya kwanza. Kwa pikipiki ndogo za Kihindi zilizojaa barabarani kwetu, za jamii ya Boxer na TVS, mara nyingi imepangwa kati ya kilomita 500 na 750. Katika siku hizo ringi na ukuta wa silinda bado vinazoeana, gia bado zinalainishana, na vumbi la chuma linalotoka humo linaelea ndani ya oili. Baadhi ya injini hizi hazina filta ya karatasi kama ya gari. Zina chujio la waya, na chembe ndogo linazipitisha. Oili ya kwanza ukiikinga kwenye beseni na kuitazama juani utaiona inametameta. Bodaboda anafika hapo kabla wiki haijaisha, akiwa bado anafurahia harufu ya siti mpya.

Hapo ndipo panapoingia jambo ambalo mafundi hawalizungumzi, kwa kuwa si la ufundi. Pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Tajiri amenunua, kijana anapeleka hesabu, na hapa Dar es Salaam utasikia sana 10,000 kwa siku. Kuipeleka kwa wakala asubuhi, kupanga foleni na kuichukua saa tisa ni kupoteza siku, na jioni tajiri anasubiri hesabu yake ileile. Kijana afanye nini? Anamwaga oili kijiweni kwa dakika kumi, kwa chupa aliyoikuta, na mhuri haupatikani. Miezi miwili baadaye injini ikileta matatizo, wakala anafungua kijitabu, anakuta kurasa nyeupe, na tajiri anamlaumu kijana. Nimesoma mikataba kadhaa ya namna hii. Hesabu imeandikwa, adhabu ya kuchelewa imeandikwa, tarehe ya kukabidhi kadi imeandikwa. Huduma ya kwanza haimo. Kuongeza mstari mmoja kwamba siku ya kwenda kwa wakala hesabu haidaiwi kungemgharimu tajiri pesa kidogo kuliko pistoni.

Turudi kwenye mikono ya mwendeshaji. Hakuna wakala atakayekuja nyumbani kwako kila alfajiri kupima oili. Injini ya cc 125 au 150 inabeba takriban lita moja tu, kwa hiyo ikipungua robo lita umeshapoteza robo ya kila kitu kinachoilainisha na kuipoza. Isimamishe wima, kwa stendi ya kati na si ya ubavuni, mahali palipo sawa. Kama imetoka kuzimwa, ipe dakika chache oili ishuke. Kisha tazama kioo kidogo kilicho ubavuni mwa injini, au chomoa kijiti, kifute, kirudishe na kukitoa tena, kwa namna kijitabu kinavyoelekeza, maana kuna vya kufungwa na kuna vya kuingizwa tu.

Cheni inahitaji subira zaidi. Wengi huishika sehemu moja, wakaona inacheza, wakaridhika. Cheni hailiki sawasawa. Zungusha gurudumu la nyuma polepole, ukiipima kila baada ya hatua ndogo, mpaka uipate sehemu inayokaza kuliko zote. Hapo ndipo pa kupimia mchezo, ambao kwa pikipiki nyingi ndogo ni kama sentimita mbili hadi tatu. Kumbuka pia kwamba abiria akikaa, mkono wa gurudumu la nyuma unasogea na cheni inazidi kukaza. Cheni iliyonyooka vizuri ikiwa tupu, ikibeba watu inavuta shafti ya gia na kula beringi. Na hiyo desturi ya kuipaka oili chafu iliyomwagwa? Inabeba masizi, na haishikilii kwenye cheni kama ile nzito ya gia, namba 90, ambayo vijitabu vingi huitaja. Safisha matope kwanza, kisha paka kidogo kwa ndani, kwenye viungo.

Hewa ya tairi pima asubuhi, likiwa la baridi. Yatosha.

Je, mtu akimwaga oili mwenyewe waranti ikiwa hai? Marekani walilimaliza swali hili kwa sheria. Tangu 1975, Sheria ya Magnuson–Moss inamzuia mtengenezaji kuifunga waranti kwa sharti kwamba lazima utumie fundi wake au spea yenye jina lake, isipokuwa anakupa bure au amepata kibali maalumu. Akitaka kukunyima, aonyeshe kwamba ulichofanya ndicho kilicholeta ubovu. Hapa kwetu mnunuzi anaegemea Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotambua kwamba bidhaa iliyouzwa inapaswa kuwa na ubora unaostahili, pamoja na Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani, FCC. Ni silaha nzuri, ila sijui ni bodaboda gani mwenye muda wa kwenda kuzitumia kwa ajili ya sili ya oili. Kwa hiyo silaha ya kwanza ni karatasi. Kama kijitabu kinataka mhuri wa wakala, upate huo mhuri. Kama kinataka tu huduma ifanyike kwa wakati na kwa oili inayofaa, tunza risiti ya EFD ya kila chupa na uandike kilomita nyuma yake. Halafu ipige picha siku hiyohiyo. Karatasi ya mashine ile hufifia kwa joto, na ukiitunza chini ya siti ya pikipiki inayoshinda juani, baada ya miezi michache utabaki na kipande cheupe.

Kuhusu oili yenyewe, tofauti ya bei kati ya chupa na chupa isikudanganye ukaweka ya gari. Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingi za gari za siku hizi zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Itaanza kuteleza: injini inapiga kelele, mlima haupandiki. Tafuta alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa, na unene uliotajwa kwenye kijitabu. Angalia na kizibo, kwa sababu chupa tupu zina soko lake.

Kinachoua waranti kwa kasi kuliko spana ni mapambo. Taa za rangi, redio, king'ora na chaja ya simu vinaungwa kwa kukata nyaya na kuzifunga kwa nailoni. Betri ikifa au nyaya zikiungua, wakala anaona kiungo kile kabla hujafungua mdomo, na kwa kweli ana haki. Kuna wanaotoa filta ya hewa ili “ipumue”. Inapumua, lakini inapumua vumbi, na vumbi la kiangazi likipita kwenye kabureta linakwangua silinda mpaka pikipiki inatoa moshi wa buluu. Kuna wanaochomoa kebo ya spidomita ili kilomita zisisome. Hilo likigundulika, mazungumzo yameisha. Na kuna mishikaki: sharti la uzito mkubwa mno limo karibu katika kila kijitabu. Soma pia kama chako kina masharti tofauti kwa chombo cha biashara. Hilo liulize kabla hujalipa.

Haya yote hayamfanyi wakala kuwa malaika. Wakala mmoja wa hapa mjini, simtaji, alinirudishia pikipiki inang'aa, kijitabu kimepigwa mhuri, na cheni imekazwa kama uzi wa zeze. Niliikagua palepale ndani ya geti, fundi akailegeza bila ubishi. Ndiyo faida ya kujua kazi hata kama huifanyi: unajua cha kutazama kabla hujasaini.

Waranti ikiisha, mlango umefunguka, na hapo ningemshauri mwenye chombo aanze kujifunza tapeti. Zinapimwa injini ikiwa ya baridi kabisa, alama ya T ya magneti ikiwa imelingana na ile ya kwenye kifuniko na vali zote mbili zimefunga, kwa vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Mwanya wenyewe ni sehemu chache za mia za milimita, na mara nyingi vali ya moshi inapewa nafasi kubwa kidogo kuliko ya kuingiza. Hapa vijiwe vingi vinakosea kwa kumridhisha mteja. Mteja analalamika injini inagonga juu, fundi anakaza mpaka kelele inakwisha, mteja anafurahi. Baada ya muda pikipiki haiwaki asubuhi, kwa sababu vali haifungi tena vizuri na imeanza kuungua. Injini ya aina hii isiyolia tapeti hata kidogo ndiyo ya kuogopa.

Klachi, boksi ya gia na kupiga ringi mwachie fundi, ila umchague. Mtazame anavyoifungua nati ya klachi. Kama ana kifaa chake chenye meno, kaa chini umsubiri. Kama anachukua patasi na nyundo, fuata ufunguo wako.

Nje ya miji mikubwa hesabu inageuka. Aliyeko Kibondo au Ludewa anaweza kukuta kwamba safari ya kwenda na kurudi kwa wakala inakula sehemu nzuri ya kilomita zilezile za waranti. Baadhi ya wasambazaji hupeleka mafundi wilayani kwa siku maalumu, wengine hawajawahi kuonekana. Kwa mnunuzi wa huko, pikipiki ambayo spea zake ziko kwenye duka la senta ina maana kuliko yenye waranti ndefu. Kwa hiyo ukiwa dukani na pesa mfukoni, muulize muuzaji fundi wenu wa karibu na kwangu ni nani, na umwombe akuonyeshe, rafuni, leo hii, sahani za klachi na kebo za modeli hiyo. Akikuletea fulana na kalenda badala ya jibu, nenda duka la pili.