Chemchemi Ichemkayo na Chemchemi Iogewayo

Istilahi "chemchemi ya maji moto" yahitaji kuchunguzwa upya. Nchini Aisilandi, ambako jotoardhi huyapasha maji na watu huoga nje hata theluji ikianguka, lugha hutenga mambo mawili: hver ni chemchemi ichemkayo, laug ni ile ambayo maji yake yafaa kuogewa. Huko Reykholt lipo birika la mawe liitwalo Snorralaug, kwa jina la mwandishi Snorri Sturluson, aliyeuawa hapo mwaka 1241. Kwetu jina moja labeba yote mawili, ilhali moja hustarehesha na la pili huunguza hata kuua. Basi twapendekeza "chemchemi ya mchemko" na "chemchemi ya uvuguvugu". Wasomaji waombwa kutoa maoni yao.