Dawa bure, nauli je?

Jirani anamwona kijana wako akielekea Itega kila asubuhi. Jioni mtaa mzima umeshajaa habari: "Yule kapelekwa Mirembe!" Basi wewe mama mtu unaona haya, unamwambia mwanao apumzike kidogo nyumbani. Hapo hapo, mama, umemrudisha kwenye unga!

Hebu tuelewane. Kituo cha methadoni cha Itega, hapa Dodoma, kweli kiko chini ya Hospitali ya Mirembe. Lakini anayekwenda kule kunywa methadoni si kichaa, ni mgonjwa wa heroini. Anakunywa dawa yake ya maji mbele ya muuguzi, arosto inatulia, anakwenda zake kutafuta riziki. Kesho tena. (Mlevi wa gongo au mvuta bangi, dawa hii haimhusu, ana matibabu yake mengine.)

Hiyo "kesho tena" ndiyo inayowashinda wengi. Dawa ni bure, ila kondakta wa daladala hajui methadoni! Kijana anayebeba mizigo sokoni akienda kunywa dawa asubuhi, anarudi kibarua kimeshachukuliwa na mwenzake. Na huyo ni wa mjini. Wa Kondoa je, kilomita 150 na ushee, atakuja kila siku kwa miguu? Akihamia mjini bila ndugu wala pa kulala, wenyeji wake huenda wakawa wale wale wauza kete.

Akikosa siku kadhaa mfululizo, asitegemee kupewa dozi ile ile. Mwili umeshasahau, dozi kubwa inaweza kumkata pumzi. Itabidi aanzie chini. Akiona ameadhibiwa, anasusa. Jamani, si adhabu!

Kudumu kunawezekana. Pale Muhimbili, huduma hii ilikoanzia 2011, watafiti waliwafuatilia waraibu 629. Baada ya mwaka mmoja, 57 kati ya kila 100 walikuwa bado wanakunywa dawa. Waliopewa dozi ndogo mno ndio walioacha zaidi. Wanawake walikuwa wachache kuingia, lakini wakiingia walidumu kuliko wanaume (nyie wanaume vipi?).

Kwa hiyo, mama, mwanao akisema arosto inamrudia usiku, usimwite mwongo. Mwambie amweleze daktari, dozi iangaliwe upya. Na nauli ya kesho mkabidhi shangazi yake, wasindikizane. Siku hizi za mwanzo, ukimshikisha hela mkononi unamtega tu.