Ng'ombe mgeni: Siku 30 za kwanza ndizo huamua faida au hasara

MFUGAJI anayetaka ng'ombe wa gredi anayekamuliwa vizuri hulazimika kutoa zaidi ya Sh100,000, na wengi huchukua mkopo ili kufikisha kiasi hicho. Hata hivyo, si jambo geni kusikia kwamba mnyama aliyeshushwa kutoka kwenye lori akiwa mzima amekufa kabla ya mwezi kumalizika.

Lawama hapo humwendea muuzaji, au hata jirani anayeshukiwa kuwa na kijicho. Lakini mara nyingi chanzo ni kwamba mnyama alitoka mahali ambapo mwili wake haukuwahi kukutana na maradhi ya huko alikopelekwa, kisha akaachiliwa malishoni siku ile ile aliyowasili.

Mfano ulio wazi ni wa ng'ombe anayetolewa nyanda za juu zenye baridi kama vile Kinangop, ambako kupe si wengi, na kupelekwa Busia, Homa Bay au Kilifi. Huko hukutana na kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia, ambaye hueneza ndigana kali, ugonjwa ambao wafugaji wengi nchini huufahamu kwa kifupi cha ECF.

Dalili za ndigana kali huanza kuonekana wiki moja hadi tatu baada ya mnyama kuumwa na kupe mwenye viini. Tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, joto la mwili hupanda kupita nyuzi 40, mnyama huacha kula, na hatimaye hupumua kwa shida huku povu likimtoka puani. Dawa ya buparvakuoni huweza kumwokoa ikiwa atatibiwa mapema. Akishaanza kutoa povu, matumaini huwa madogo.

Ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu, ambayo pia huenezwa na kupe, yana tabia inayowashangaza wengi. Ndama huyastahimili kuliko ng'ombe mzima. Kwa hivyo, ng'ombe aliyekomaa bila kuyapata ndiye huugua vibaya zaidi anapoyapata kwa mara ya kwanza.

Kabla ya kulipa

Kinga huanza kwa muuzaji. Mnunuzi anafaa kuuliza mnyama amechanjwa dhidi ya magonjwa gani na lini, ameogeshwa kwa dawa gani, na amelelewa zizini au malishoni. Ng'ombe aliyekuwa akilishwa zizini maisha yake yote hana mazoea ya kupe hata kama ametoka kaunti jirani.

Ni vyema pia daktari wa mifugo apime damu au maziwa kubaini kama mnyama ana brusela, ugonjwa unaosababisha ng'ombe kutupa mimba na ambao huambukiza binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa. Chuchu zote nne zikaguliwe ili kuhakikisha hakuna ugonjwa wa kiwele.

Kibali cha kusafirisha mifugo hutolewa na afisa wa mifugo wa eneo anakotoka mnyama. Wapo wanaokwepa hatua hii kwa kuiona usumbufu, ilhali afisa huyo ndiye anayejua iwapo eneo limewekwa chini ya karantini kutokana na ugonjwa wa miguu na midomo au homa ya mapafu.

Chanjo ya ndigana kali

Chanjo ya ugonjwa huu ni matunda ya utafiti uliofanywa Muguga, karibu na jiji la Nairobi, katika miaka ya 1970. Mnyama hudungwa viini hai vya ugonjwa na papo hapo hupewa dawa ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini, ili augue kidogo tu na kujenga kinga. Chanjo hii hutolewa mara moja, na kinga yake hudumu kwa miaka mingi.

Tatizo ni kwamba kinga hiyo huhitaji takriban mwezi mmoja kukomaa. Kumchanja ng'ombe leo na kumwachilia kesho kwenye nyasi zenye kupe ni kazi bure. Heri mnunuzi akubaliane na muuzaji mnyama achanjwe huko huko, kisha asafirishwe baada ya mwezi. Iwapo hilo haliwezekani, achanjwe baada ya kufika na kufungiwa zizini mpaka mwezi huo uishe.

Chanjo hiyo huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni, na ikishayeyushwa sharti itumike kwa muda mfupi. Kwa kuwa mrija mmoja hubeba dozi nyingi, wafugaji wa kijiji hupunguza gharama wanapojiunga na kumwita mtaalamu kwa pamoja. Ikumbukwe kuwa chanjo hii haizuii ndigana baridi wala kukojoa damu. Kuogesha mifugo kungali lazima.

Zizi la pekee

Ng'ombe mgeni anafaa kukaa mbali na wenzake kwa siku 30. Viini vya ugonjwa wa miguu na midomo huweza kukaa hadi wiki mbili mwilini kabla ya malengelenge kutokea, na mnyama mmoja atosha kuambukiza boma zima. Awe na ndoo na hori lake, na ahudumiwe mwisho baada ya wengine.

Siku ya kwanza apewe maji safi, nyasi kavu na mapumziko. Apuliziwe dawa ya kuua kupe, hasa ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya miguu, ili asilete kupe wa kwao. Asidungwe chanjo zote siku hiyo, kwani mwili uliochoshwa na safari haujengi kinga ipasavyo.

Baada ya siku tatu au nne apewe dawa ya minyoo kulingana na uzito uliopimwa kwa utepe kifuani, kwa kuwa kipimo kidogo huwafanya minyoo kuwa sugu. Kisha abaki zizini kwa siku mbili au zaidi, ili mayai ya minyoo yatoke kwenye samadi wala si malishoni. Mwenye mimba changa asipewe albendazoli. Maziwa nayo yasiuzwe wala kunywewa kabla ya muda ulioandikwa kwenye chupa kuisha.

Joto la mwili lipimwe kila asubuhi. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, nayo huonyesha ugonjwa kabla ya macho kuuona.

Chakula na malisho

Lishe ibadilishwe polepole kwa muda wa siku 10 hadi 14, ikichanganywa na ile aliyoizoea. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani karibu kilo 60 za nyasi mbichi za Napier, pamoja na chumvi ya mifugo na maji ya kutosha. Asiyekuwa na shamba la kutoa kiasi hicho ajiulize kwanza kama wakati wa kununua umefika.

Baada ya karantini, mgeni aanze kwa saa chache malishoni, umande ukishakauka na akiwa tayari amekula nyasi kavu. Nyasi changa zenye maji na majani ya jamii ya kunde huweza kumfurisha tumbo.

Mwenye malisho anaweza kuyagawa katika vitalu saba na kulisha kila kimoja kwa siku tano. Kwa mpango huo, kila kitalu hupumzika siku 30. Nyasi zisiliwe chini ya sentimita 10, kwa kuwa viluwiluwi vya minyoo hukaa karibu na ardhi.

Hata hivyo, mapumziko hayo hupunguza minyoo tu. Kupe huweza kuishi miezi mingi bila kula, wakimsubiri mnyama apite. Kwa kuwa kupe huyu kwa kawaida huanza kuambukiza ndigana kali siku ya tatu hivi baada ya kujishikiza, ni busara kumkagua mgeni masikioni kila siku, na kuogesha kwa ratiba ambayo afisa wa mifugo wa eneo ameshauri.

Gharama ya chanjo, dawa na mwezi mmoja wa kukata nyasi ni sehemu ndogo tu ya bei ya ng'ombe. Mnunuzi aihesabu kama sehemu ya bei hiyo kabla ya kutoa pesa zake, kwani wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba.