Kiduara Kinazunguka tu: Je, Pesa Imeenda?

Umeweka namba ya Till, kiasi na PIN. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu unaambiwa ujaribu tena baadaye. Mwenye duka anakungoja. Je, ulipe tena? Subiri kwanza.

Ukiwa kwenye intaneti, simu hutuma ombi lako kwa vipande vidogo vya data viitwavyo pakiti. Pakiti ikipotea njiani, simu huituma tena. Ndiyo maana mtandao mbovu huanza kwa kwenda polepole kabla ya kukwama.

Shida iko hapa. Ombi likipotea likienda, pesa yako haijatoka. Lakini likifika, malipo yakapita, kisha jibu likapotea likirudi, pesa imeshatoka. Kwa skrini yako, hali zote mbili zinafanana.

Mafundi wa mifumo ya malipo hujaribu hali hii makusudi. Kwenye faiawali, yaani mlinzi wa mtandao anayeamua pakiti ipi ipite, wanaweka amri ya kutupa, tuseme, pakiti 1 kati ya kila 10. Wanatupa zinazoenda, kisha zinazorudi, halafu wanakagua: kuna mteja aliyekatwa mara mbili? Mfumo uliojengwa vizuri hulipa kila ombi namba yake, kwa hivyo ombi lilelile likirudiwa na simu, hutambuliwa. Lakini wewe ukianza upya na kuweka PIN tena, hayo ni malipo mapya.

Kwa hivyo, fanya hivi:

1. Angalia meseji ya uthibitisho. Kama haijaingia, angalia salio na miamala yako ya mwisho.

2. Tumia USSD, ile kodi inayoanza na nyota. Haihitaji bando wala Wi-Fi, inahitaji tu laini yako iwe na mtandao wa simu.

3. Kama programu hukwama kila ukiwa kwa Wi-Fi ya ofisi au hoteli, zima Wi-Fi ujaribu data ya laini yako. Ikikubali, huenda faiawali ya pale inatupa pakiti kimyakimya.

4. Pesa imetoka na muuzaji hajapata? Piga huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala. PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Salio halijapungua na hakuna muamala mpya? Sasa unaweza kulipa tena.